Simu Iliyonyamaza Jikoni

Simu ya mzee fundi viatu iliibwa Jumatatu mchana, mezani pake, alipokwenda kuoga. Mlango haukuvunjwa. Televisheni mpya ilikuwa palepale.

Inspekta, mama wa makamo asiye na haraka, alimuuliza simu hiyo ilikuwa na nini cha pekee. Mzee alimweleza kwamba ndani yake mna sauti ya marehemu mkewe. Jumbe arobaini na moja, wala hakuwa na nakala.

Inspekta alipoipigia, haikupatikana. Lakini taarifa za kampuni ya simu zilimshangaza. Kila siku saa kumi jioni, simu ilirudi hewani robo saa, kwenye mnara wa mtaa uleule, kisha ikapotea. Saa hiyo mzee huwa nje, akipiga soga na jirani.

Siku ya nne Inspekta aliingia jikoni. Binti wa mzee, muuguzi aliyerudi nyumbani kumtunza baba yake, alikuwa akiosha vyombo. Inspekta aliomba ruhusa, akatia simu yake ndani ya friji, akaipigia kwa simu ya kazini aone kama mawimbi yataifikia. Ikaita. Akaihamishia kwenye mashine ya kufulia. Ikaita pia.

Ikabaki maikrowevu. Waya wake ulikuwa umechomolewa.

"Hiyo mbovu," binti alisema.

Inspekta aliifungua. Simu ya mzee ilikuwa imelazwa juu ya taulo. Akaweka yake kando ya hiyo, akafunga mlango, akapiga. Haipatikani.

"Kwa nini hukuizima tu?"

"Ikizimwa, ikiwashwa tena inadai namba ya siri. Anaijua baba peke yake."

"Na kwa nini uliichukua?"

Binti alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Tangu mama afariki, anaisikiliza kutwa. Chakula hagusi. Dawa za presha anasahau. Nikasema niifiche wiki moja tu, ale."

"Anakula?"

"Anakula."

"Sasa hiyo saa kumi?"

Sauti yake ikashuka.

"Saa kumi namsikiliza mimi. Siku nzima najikaza, Afande. Baba akiniona nalia, yeye atamwegemea nani?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Inspekta alimuuliza kama angependa kesi iendelee. Mzee alitikisa kichwa kukataa, akavuta viti viwili, akavisogeza pamoja.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema. "Mimi nilidhani humu ndani namlilia peke yangu."