Kila Mtu na Mkono Wake

Marie-Rose alifungua kisanduku cha barua akakuta karatasi nyingine ya kumchafua mama mmoja aliyekuwa akigombea kiti cha baraza la mji. Zilikuja karibu kila siku. Mama huyo alikuwa ameahidi kuzuia malori ya maghala yasipite mbele ya shule anayosoma Ella, binti wa Marie-Rose. Uchaguzi ulipofika, akashindwa. Malori yakaendelea kupita, na kila asubuhi Marie-Rose alimvusha binti yake barabara kwa hofu.

"Nani alilipia karatasi zote zile?" alimwuliza jirani yake Intisar, muuguzi kutoka Zanzibar.

"Makampuni yenye maghala, Mama Ella. Mahakama ya Juu ya nchi hii ilishaamua kampuni inaweza kutumia fedha itakavyo kumsifu mgombea au kumpiga vita, mradi isipange naye."

"Si watunge sheria wakataze!"

"Sheria ya kawaida haiwezi kutangua hukumu hiyo. Mimi na wenzangu tunataka katiba yenyewe irekebishwe. Theluthi mbili ya wajumbe katika kila moja ya mabunge mawili ya Kongresi wakubali, kisha robo tatu ya majimbo."

Marie-Rose akacheka. "Tutazeeka!"

"Kawia ufike, bibi wee. Tunaanzia hapa. Tunaomba baraza la mji wetu lipitishe azimio la kuihimiza Kongresi. Mpe Baba Ella karatasi hizi za ombi, wapiga kura wa kanisani kwenu wa-sign."

Baba Ella ni Nicodème, mume wa Marie-Rose. Anafanya kazi ghalani katika mji wa Mesquite, na ukimpa kazi huna haja ya kumkumbusha. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, karatasi zikajaa. Intisar alipokuja kuzichukua, alisoma kidogo, kisha akakunja uso.

"Baba Ella, mbona majina haya yana mwandiko mmoja?"

"Hao ni wa kwangu," Nicodème alijibu kwa fahari. "Mimi, mke wangu na dada zangu. Sisi Warundi kule kambini tulikokuwa wakimbizi, mkuu wa familia ndiye ana-sign kwa wote. Wenzangu nao wamefanya hivyo."

"Mama Ella ni raia?"

"Mimi ndiyo, yeye bado. Ame-apply. Interview yake ni mwezi ujao."

"Jamani! Hapa juu pameandikwa, 'Sisi wapiga kura tulioandikishwa.' Asiye raia akijiita mpiga kura, anaweza kunyimwa uraia."

Marie-Rose akaichukua karatasi, akalitafuta jina lake. Miaka yote ile ya kungoja ingepotea kwa kalamu ya mumewe!

"Hukuniuliza," alimwambia. Alikuwa amekasirika, wala hakuficha. "Jina ni langu, na hukuniuliza!"

Nicodème akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Ella. Nilidhani nakusaidia."

"Bahati yetu hazijafika barazani," Intisar alisema. "Hizi haziendi popote. Tunaanza upya. Kila mpiga kura asome mwenyewe, atie sahihi kwa mkono wake, aandike anwani aliyojiandikishia. Asiye raia asitie."

"Basi mimi sina la kufanya," alisema Marie-Rose.

"Mdomo huna? Kwenye kikao cha baraza, mkaazi yeyote anaweza kuomba kusema. Hawaulizi uraia."

Nicodème akazunguka nyumba kwa nyumba, akiwaeleza wenzake kosa lake bila kujitetea. Safari hii majina yalikuwa machache, lakini kila jina lilikuwa la mwenyewe.

Siku ya kikao Marie-Rose alisimama akasema kwa Kiswahili, Intisar akatafsiri.

"Mimi sina kura bado. Nina mtoto anayevuka barabara ya malori. Mgombea aliyetaka kuyazuia alikuja mlangoni kwetu mara moja. Kampuni zilikuja kila siku kwenye kisanduku changu. Mtu wa kawaida atasikika vipi?"

Wajumbe wengi wakanyoosha mikono. Azimio likapita.

"Hii si sheria, na katiba haijabadilika," Intisar alionya wakitoka nje, ingawa alikuwa akitabasamu. Muda si mrefu, watu wa mji jirani walimpigia simu kuuliza jinsi ya kuanza.

Marie-Rose alipita interview yake, akala kiapo cha uraia, akajiandikisha kupiga kura. Siku chache baadaye Intisar alileta ombi jingine, la kupelekwa kwa mbunge wao wa Kongresi. Nicodème akatia sahihi yake. Kwa mazoea, kalamu ikashuka hadi mstari wa pili. Hapo akasita, akamtazama mkewe.

"Lete kalamu," alisema Marie-Rose. "Mkono ninao."

Akaandika jina lake polepole, lote, huku Nicodème akimshikia karatasi.