Muhuri wa Chama cha Usawa

Muhuri uliibwa alasiri, katika nyumba moja ya Hamriya, katika kikao cha wanaume wanne waliokuwa wakibishana nani awe mwenyekiti. Kisanduku chake kilikuwa mezani, wazi, kitupu.

Inspekta Ishaq alikitazama, kisha akamtazama mwenye nyumba. Damu ilimchemka.

"Bwana Ghanim, hebu nifahamishe. Umetuita polisi kwa sababu umeibiwa muhuri wa chama cha siasa?"

"Ndiyo."

"Hapa Maskati? Ambako vyama vimekatazwa?"

Ghanim alipepesa macho. Kwao Unguja, kabla ya mapinduzi, yeye na wenzake walikuwa wakubwa wa chama kilichotawala. Kitu kikipotea waliita polisi, basi, na miaka sita ya uhamishoni haikuwatoa tabia hiyo. Sasa walikuwa wamejitenga na wakubwa wenzao, wakaanzisha chama chao cha upinzani: ardhi kwa wakulima, skuli za bure, urafiki na Ulaya. Kesho yake Ghanim angesafiri kwenda Brasels, kwa wakubwa wa Ulaya, kuomba chama kitambuliwe.

Ishaq, mzaliwa wa Unguja vilevile, alitamani kuwatia wote rumande apumzike.

"Mwizi ni Thabit!" alisema Ghanim. "Anautaka uenyekiti."

"Muongo mkubwa we!" Thabit aliruka kitini.

"Kaeni! Nani wa mwisho kuuona?"

"Mimi," alisema Mahfoudh, akionyesha kiganja chenye wino wa zambarau. "Nliujaribu hapa. Kisha ukaletwa udi."

"Kikao kilikuwa kishakwisha?"

"Wapi! Hata kahawa hatujanywa."

Ishaq aliona kasoro. Katika nyumba za Maskati udi huja mwisho. Ukipitishwa, wageni huaga. Hakuna anayefukiza watu kabla ya kahawa.

"Na nyinyi mkainuka?"

"Tukainuka," alisema Mahfoudh kwa unyonge. "Ndiyo ada. Tulishafika mlango wa nje, tunaagana, ndipo tukakumbuka hatujachagua mwenyekiti. Kurudi ndani, kisanduku kitupu."

Ishaq alijishika kichwa. Hawa ndio waliotaka kuongoza nchi!

"Chetezo cha udi alileta nani?"

"Mke wangu, Kheiria," alisema Ghanim. "Nani mwengine?"

Inspekta alikwenda jikoni. Chetezo kilikuwa bado cha moto, na chini ya harufu ya udi palikuwa na uvundo wa mpira ulioungua. Alichokoa majivu kwa koleo, akatoa kipande cheusi kilichoyeyuka. Ushahidi ulikuwa huo.

Bi Kheiria alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Bi Kheiria, umeuchoma?"

"Nimeuchoma."

"Kwa nini?"

Sinia lilitua kwa kishindo.

"Mwanangu, mie nilitoka Unguja na mtoto mgongoni na nguo nilizovaa, kwa sababu ya chama. Tukahamia nchi ya watu, wakatufukuza, kwa sababu ya chama. Leo Aliya wangu kaanza skuli. Nna jiko langu, nna majirani. Hawa wakijulikana, tunafukuzwa sote. Nimpeleke wapi tena mtoto? Mwaka mzima namsihi huyu bwana. Ananambia lete kahawa!"

Hasira ya Ishaq ilimwishia. Alipogeuka alimwona Ghanim mlangoni, wenzake nyuma yake. Walikuwa wamesikia yote.

"Bwana Ghanim, nikifungua jalada, chama kitatajwa, na mwisho wake unaujua. Unamshtaki mkeo, au humshtaki?"

Ghanim aliwatazama wenzake.

"Hilo... itabidi tulipigie kura."

"Yangu nshapiga," alisema Bi Kheiria.

Hakuna aliyecheka. Ghanim alikitazama kile kipande cheusi kwenye koleo, kisha mikono ya mkewe iliyorudi kuchambua mchele.

"Simshtaki," alisema.

"Na safari?" aliuliza mkewe.

Thabit alikohoa. Ghanim hakumgeukia.

"Siendi."

Ndipo Bi Kheiria, ambaye alipohojiwa na polisi hakutoa chozi, alipojifunika uso kwa kanga yake akalia.