Madereva wa Kwaya

Ndugu zangu wa Ufipa, nanyi mliohamia kwetu mkaizoea baridi yetu, sikilizeni habari ya nyumba ya Nikodemo. Ni nyumba ya watu wema, na ndiyo sababu inafaa kusimuliwa, maana mtu mwema akikosea hakuna anayemwonya.

Kwa miaka kumi na mmoja nyumba hiyo ilikula kwa Fuso moja. Nikodemo alikuwa mwenye gari, alikuwa dereva, na wapakiaji wakikosekana alibeba magunia mwenyewe. Mkewe Bertila, tunayemwita Mama Hellena, alikaa kiti cha pembeni na chupa yake ya chai, wakishuka bondeni Ilemba kununua mpunga. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, walisali rozari barabarani. Mama anaanzisha, baba anaitikia, injini inanguruma katikati yao kama mtu wa tatu. Amani tupu.

Walipofika ukingoni, pale milima ya Lyamba lya Mfipa inapokatika ghafla na Ziwa Rukwa linang'aa chini kabisa kama bati jipya, Nikodemo alisimama. Kila safari. Alishuka, akagusa magurudumu yote kwa mgongo wa kiganja ili asikie joto lake, akarudi, akaweka gia namba mbili. Gia hiyo hakuitoa mpaka bondeni.

"Gia utakayopandia ndiyo uteremkie," alizoea kusema. "Breki ni ya kusimamia, mlima unateremkwa kwa injini."

Bertila hakujua kushika usukani, lakini mngurumo wa ile gia aliujua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Basi Mungu akawabariki. Nikodemo akanunua Fuso ya pili, na kabla rangi yake haijazoea vumbi, akanunua ya tatu. Jamani, siku ile mlikuwepo! Honi tangu njia panda, watoto wakikimbia nyuma, vigelegele, katekista akinyunyiza maji ya baraka mpaka yakamwingia dereva machoni. Hata Bertila, mtu wa kutulia, alicheza mpaka kitenge kikamdondoka.

Sasa nani aendeshe? Hapo ndipo penye habari yetu. Nikodemo alikuwa pia mwalimu wa kwaya, na moyo wake ulikuwa kwenye kwaya. Wakaja madereva wazoefu wa ule mlima, wengine wamezeekea humo. Akawaangalia, akasema huyu namsikia anakunywa, yule simjui anasali wapi. Mwishowe akamchukua Jafeti wa sauti ya tatu, na Calvin, kijana aliyetoka Mbeya, mwenye sauti ya nne nzito iliyotikisa vioo vya kanisa.

Mtaa ulicheka. Josefina wa sauti ya pili alimfuata mbele za watu baada ya mazoezi.

"Mwalimu, mimi nami naimba. Nipe basi hata pikipiki!"

"Sauti ya pili mnachelewa kuingia," Nikodemo akamjibu. "Mtachelewesha mzigo."

Kicheko! Lakini nyumbani Bertila aliuliza neno moja tu.

"Baba Hellena, Calvin umempeleka mlimani?"

"Leseni anayo. Ameendesha Tunduma hadi Mbeya miaka minne."

"Huko ni lami. Nauliza mlima wetu."

"Mama Hellena, kijana anafunga, anasali, hanywi. Unataka nini tena? Mungu atamtangulia. Mpunga uko shambani, wanunuzi wanapiga simu, mimi nikae nimfundishe mtu gia?"

 Kwa wiki tatu Calvin alipelekwa njia za juu, Matai na kurudi, na kila aliporudi salama Nikodemo alimtazama mkewe kama anayesema, unaona? Akaanza hata kuzungumzia gari la nne.

Ikafika sikukuu ya kigango cha Ilemba. Kwaya yetu ilialikwa. Jafeti alikuwa safari ya Kasanga, kwa hiyo magari mawili yalipakia saruji ya watu wa bondeni, yakatandikwa maturubai, na juu yake wakapanda wanakwaya na ngoma zao. Kupakia watu juu ya mzigo ni kosa, sote tunajua. Na sote tulipanda.

Nikodemo alitangulia. Bertila alikwenda kwa gari la pili, akapanda mbele pembeni ya Calvin.

"Mama, huniamini?" kijana akatania.

"Nakuamini, mwanangu. Naleta chai."

Misa ilikuwa saa nne nao walikuwa wamechelewa. Ukingoni, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, Nikodemo hakusimama. Alipita akipiga honi, watu juu wakiimba, akaanza kushuka na gia yake namba mbili kwa mazoea tu. Calvin, aliyekuwa nyuma kidogo, akaona mwalimu kapita, naye akapita. Ila yeye alishuka kama anavyoshuka mtu wa lami, gia ya nne, mguu ukigusagusa breki, huku akiitikia besi kupitia dirishani.

Kona ya kwanza. Ya pili. Wanakwaya wakafurahi kwa upepo. "Calvin, paa!" walipiga kelele. "Ongeza!"

Bertila akaweka kikombe chini.

"Calvin, mbona gari limenyamaza?"

"Limenyamaza vipi, Mama, na linatembea?"

"Injini haishiki. Uko gia gani?"

"Ya nne."

"Yesu na Maria! Rudisha ya pili!"

Calvin akakanyaga klachi, akatoa gia. Ikatoka. Kuingia ya pili ikakataa, ikasaga meno tu, na ya nne nayo ikakataa kurudi. Sasa gari halikushikwa na kitu. Harufu ya breki zilizoungua ikajaa ndani, moshi ukapita dirishani, na kanyagio likazama mpaka sakafuni bila kugusa chochote.

Besi ikakatika. "Mama," alisema, kwa sauti ya mtoto. "Mama, hakuna breki."

Na hapo chini, mbele yao, kona iliyofuata ikafunguka wakaliona gari la Nikodemo likitambaa taratibu. Josefina alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alipowaona wanakuja kwa kasi alisimama akawapungia kitambaa, akidhani ni shangwe!

Kulia ni korongo. Mbele ni mume wake na watu kumi na wanane. Kushoto ni ukuta wa mlima, na kushoto ndiko alikokaa Bertila.

"Lalia mlima!" akapiga kelele.

"Upande wako, Mama! Utabanwa!"

"Lalia mlima, nimesema!"

Mikono ya Calvin ilikuwa imeganda. Bertila akaurukia usukani kwa mikono miwili akauvuta kuja kwake. Kioo cha pembeni kikaruka, mlango ukakunjwa, mawe yakalia juu ya bati, gari likaukwaruza mlima likiuma udongo, likatumbukia kwenye mtaro, likasimama limeinama kama mtu anayesikiliza ukutani.

Nikodemo aliona yote kwenye kioo chake. Alipandisha mlima mbio, viatu vikimtoka. Juu ya saruji watu walikuwa wanalia, watatu wamevunjika, wengine wamechubuka. Hakuna aliyekufa. Alimkuta mkewe anatolewa kupitia upande wa dereva, bega la kushoto limepondeka, midomo ikiendelea na Salamu Maria.

Akamgeukia Calvin, ngumi imekunjwa. "Umefanya nini wewe?"

Kijana alikuwa analia. "Mwalimu, ulinifundisha nyimbo zote. Mlima hukunifundisha."

Ngumi ikakunjuka yenyewe. Nikodemo akakaa chini kwenye changarawe, mbele ya kwaya yake, akasema, "Ni kweli. Ni mimi."

Na tangu siku ile, nyinyi ni mashahidi, habari ya gari la nne haikusikika tena. Mawili yaliegeshwa msimu mzima wa mpunga. Wanunuzi walipiga simu, wakachoka. Calvin na Jafeti walikaa kiti cha pembeni kwa zamu, miezi mitano, wakijifunza kusimama ukingoni, kugusa magurudumu na kushuka kwa gia namba mbili. Siku Calvin aliposhuka peke yake na mzigo, nusu ya Ilemba ilitoka kusikiliza honi yake, na alipofika alipigiwa vigelegele kama bwana harusi. Bertila naye alipiga, ingawa mkono wake wa kushoto haupandi tena juu ya bega.

FUNZO

Wewe unayetaka kuongeza gari, duka au shamba, na kuweka watu, sikia. Usimpe mtu kazi kwa sababu unampenda au kwa sababu anasali nawe. Kusali ni kwema, na mlevi usimpe gari. Lakini uchaji wa Mungu hauingizi gia. Mpime mtu kwenye kazi yenyewe, mahali pale pale pagumu, ukiwa umekaa pembeni yake. Ulichokijua kwa miaka kumi na mmoja yeye hawezi kukijua kwa kupewa ufunguo. Kama huna muda wa kumfundisha, basi muda wako wa kuongeza gari haujafika. Na mkeo akikuuliza neno moja tu, usimjibu kwa mengi.

Mungu hututangulia, ndiyo. Lakini aliyekabidhi ufunguo ataulizwa.