Dhahabu ya Shingoni mwa Mama

Saa mbili asubuhi.

Jemadari hakuwahi kuwa askari hata wa kulinda ghala. Jina alijipa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumvua. Alikuwa ameinamia meza ya chuma kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya redieta, akichora hospitali kwa chaki. Mchoro wenyewe mtoto wa chekechea angeuonea haya.

"Mlango wa nyuma, huu. Stoo ya dawa, hii. Ndani kuna friji moja. Ndani ya friji, dhahabu."

"Dhahabu," Tofali akarudia, sauti ya mtu aliyetajiwa mchumba. Tofali alikuwa na mwili wa watu wawili na akili ya nusu mtu. Kazi yake katika genge ilikuwa kusimama mahali.

Breki, dereva, alitafuna njiti ya kiberiti. Waliompa jina hilo walikuwa wamewahi kupanda gari lake na hawakutaka kupanda tena.

Bisibisi aliegemea ukuta, uso umekunjamana. Yeye ndiye aliyefungua kila kilichofungwa. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja na kuona kinyaa, kisha akakumbuka kwamba miaka sita amekula nao sahani moja.

"Narudia, kaka," alisema. "Ile ni dawa. Dhahabu imo, ndiyo, lakini imesagwa ikawa chembe zisizoonekana kwa macho. Ukizikusanya za friji nzima hupati hata ya kuziba jino."

"Mama yako hakusema hivyo."

Hapo ndipo Bisibisi alipojilaumu. Wiki iliyopita Jemadari alikwenda kwake, akakaribishwa chai, na mama akafungua kitambaa cha shingoni kumwonyesha mgeni uvimbe wake. Alikuwa akijivunia. Maisha yake yote hakuvaa hata hereni ya bati, na sasa daktari amemtia dhahabu mwilini. Dozi ya kwanza, alieleza, ilisafiri kwenye damu mpaka ikauona uvimbe, ukang'aa kwenye picha hadi mizizi yake. Dozi ya pili ingebeba dawa kali na kuishushia humo humo, bila kumchoma tumbo wala kumnyonyoa nywele. Jemadari alitikisa kichwa kwa heshima, akaomba chai nyingine, akauliza dozi inafika lini.

Ilifika jana. Mama angechomwa sindano leo, saa saba mchana.

"Unajua ninachokiona?" Jemadari alisema. "Naona mtu anataka tuachane na dili, halafu arudi kuchukua mzigo peke yake."

"Ningekuwa na akili hiyo ningekuwa hapa na nyinyi?"

Breki alicheka puani. Jemadari hakucheka.

"Kama huji, Tofali atavunja friji kwa nondo. Chagua."

Bisibisi alimfikiria Tofali na nondo yake katikati ya chupa za glasi. Akachukua mfuko wake wa vifaa. Kama ni lazima friji ifunguliwe, angeifungua yeye, na chupa moja ingetoka salama.

Saa nne kasorobo.

Walivaa ovaroli za mafundi wa friji. Mlinzi wa mlango wa nyuma hakuwauliza kitambulisho wala barua. Aliwafungulia, akawasaidia kubeba sanduku la vifaa, akawaomba wakimaliza wapitie na friji yake ya nyumbani, haigandishi. Jemadari akamwahidi kwa upole. Bisibisi alitamani kumzaba kofi mlinzi huyo kwa uzembe wake.

Mfamasia alikuwa wodini na kitoroli chake, kama kila siku saa hizo. Stoo haikuwa na mtu. Tofali akasimama mlangoni.

Kufuli la friji lilikuwa la kufungia sanduku la mwanafunzi. Bisibisi alilifungua kabla Jemadari hajamaliza kumhimiza. Chupa zilipangwa kwenye trei, ndogo, nyekundu kama juisi ya zabibu, kila moja na jina la mgonjwa. Alilitafuta jina la mama yake kwa kidole. Alipolipata alijifanya anakohoa, akainama, na chupa ikaingia mfuko wa ndani wa ovaroli, ikagusana na kifua chake, baridi.

Kando yake palikuwa na jina jingine alilolifahamu. Ni la yule mama mnene anayekaa na mama yake kwenye benchi na kumgawia biskuti. Mkono ulisita. Mfuko wa ndani ulikuwa na nafasi.

"Harakisha, wewe!" Jemadari alifoka kwa kunong'ona.

Akaiacha. Jemadari akamimina trei nzima kwenye sanduku la vifaa, chupa zikagongana na spana, na wakatoka kwa mlango ule ule. Mlinzi akawapungia mkono.

Saa tano.

Karakana. Mlango wa chuma ukafungwa, jiko la gesi likawashwa. Jemadari alichukua sufuria ya kuyeyushia risasi ya kulehemu, akavunja shingo za chupa moja baada ya nyingine, akamwaga.

"Tunachemsha maji yaishe," alitangaza. "Dhahabu inabaki chini. Ni sayansi."

Bisibisi alikaa juu ya tairi akitazama miezi ya uhai wa watu ikipanda na mvuke. Wekundu ule ukawa zambarau. Zambarau ikawa kijivu. Maji yakaisha, harufu ya plastiki ikawapiga puani, na chini ya sufuria pakabaki doa jeusi mfano wa ugali ulioungua. Tofali alilikwangua kwa ukucha, akaonja.

"Chungu," alisema.

Jemadari aliitazama sufuria kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia Bisibisi taratibu.

"Umetubadilishia."

"Nilikwambia asubuhi. Nilikwambia jana."

"Mpekueni."

Tofali alimkaba. Breki ndiye aliyepitisha mkono kifuani na kuitoa chupa. Kisha ngumi ya Tofali ikamshukia Bisibisi tumboni, akapiga magoti.

"Ya mama," alihema. "Hiyo ni dozi ya mama. Sina kingine."

Jemadari aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akaitikisa. Uso wake ukaanza kubadilika, kama kawaida yake anapofikiri, jambo lisilompata mara nyingi.

"Hii ni dozi ya pili," alisema. "Ya kwanza iko wapi?"

Akaishusha chupa.

"Alinionyesha mwenyewe. Hapa." Akajigusa shingo. "Imekusanyika yote mahali pamoja. Kazi ya kuchemsha wameshatufanyia."

Breki aliacha kutafuna njiti.

"Jemadari. Huyo ni mama wa mtu."

"Kila dhahabu niliyowahi kuiba ilikuwa ya mama wa mtu."

Bisibisi aliinuka pole pole. Tumbo lilimuuma, lakini kichwa kilikuwa kimetulia ghafla. Tangu jana alikuwa akisema kweli na kweli ilimletea ngumi. Basi.

"Sawa," alisema. "Namleta."

Tofali alishangaa. Breki alimkazia macho. Jemadari alikubali kwa kichwa tu, bila hata kuuliza mara mbili. Yeye mwenyewe angemleta wa kwake kabla chai haijapoa, na hakujua kwamba kuna watu wa namna nyingine.

"Nitamwambia daktari kahamia huku. Lakini nipe hiyo chupa aione, la sivyo haingii garini. Na funguo."

Jemadari akampa chupa. Breki akarusha funguo. Alizirusha akiwa anamtazama usoni, na Bisibisi akaona kwamba dereva ameelewa. Breki akarudisha njiti mdomoni na kuketi.

Bisibisi alitoka, akauvuta mlango, akaukomea kwa kufuli alilolipachika yeye mwenyewe mwaka jana. Dirisha lilikuwa na nondo nene. Jemadari ndiye aliyeziagiza, kwa kuogopa wezi. Alipokuwa akiwapigia polisi simu na kuwaelekeza mtaa, kishindo cha Tofali kilikuwa kimeanza mlangoni. Kufuli lilikuwa zuri. Lilistahimili.

Saa sita na nusu.

Mfamasia alikuwa amesimama mbele ya friji tupu, macho mekundu. Bisibisi alimwekea chupa mezani.

"Nimeiokota."

Mfamasia alivaa glovu kwanza. Akasoma jina.

"Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Tangu lini?"

"Tangu... asubuhi."

"Kwenye joto la mwili." Alifumba macho. "Dawa hii haitoki kwenye baridi. Ikipata joto chembe zinashikana, zinakuwa mabonge. Bonge likiingia kwenye mshipa linaziba."

"Bado nyekundu, dada. Tazama."

"Naona rangi. Kilichomo ndani sikioni, na wewe hukioni. Simchomi mtu hiki."

Daktari alikuwa amelisema hilo pia, siku ile ya kwanza, polepole, mama na mwana wakiwa wameketi mbele yake. Mama alisikiliza. Bisibisi alikuwa akitazama kitasa cha mlango, akikadiria kingemchukua muda gani. Na asubuhi nzima alikuwa akiwadharau wenzake kwa kutosikia la mtu.

Chupa ikaanguka kwenye ndoo ya taka za dawa.

"Nyingine zinakuja lini?"

"Wanatengeneza kwa oda. Miezi minne. Mitano."

"Ataweza kungoja?"

Mfamasia alikuwa ameitazama ovaroli ya ufundi aliyoivaa Bisibisi, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu. Bisibisi aliuona. Angeweza kukimbia, mlango wa nyuma ulikuwa wazi kama ulivyokuwa asubuhi. Akaelekea kwenye benchi.

Mama alikuwa pale, kitambaa kipya shingoni, pembeni yake yule mama mnene na pakiti yake ya biskuti. Yule mama alikuwa analia bila sauti. Mama yake alikuwa amefura kwa hasira.

"Umekuja, mwanangu! Umesikia? Wezi wamebeba dawa zetu. Zote! Wamezipeleka wapi, wamezinywa?"

Akaketi. Mama akampapasa goti, kama anavyofanya siku zote, halafu akafyonya.

"Mtu mzima, ana mikono na miguu, anakuja kuiba dawa ya wagonjwa. Mjinga wa kutupwa. Simlaumu hata yeye. Ningempata mama yake, ningemuuliza alimnyonyesha nini mwanawe."

Mwisho wa korido polisi wawili walikuwa wanakuja na mlinzi. Mlinzi akanyoosha kidole.

Bisibisi akasimama, akaunganisha mikono mbele tayari kwa pingu kabla hajaambiwa.

"Maziwa, mama," alisema. "Ulininyonyesha maziwa."