Baba Aliyeatamia Mtoto

Asubuhi za kiangazi mjini Kasongo huwa na baridi. Lakini mwaka ule, enzi za Wabelgiji, Asani fundi cherehani hakuisikia hata kidogo. Mkewe Subira alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza! Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kama njiwa, lakini hai.

Shangazi na majirani walimiminika. Kila aliyeingia alimfunua mtoto aone kafanana na nani. Huyu aliona pua ya babu, yule masikio ya mjomba. Asubuhi na jioni walimwogesha, anukie vizuri kwa wageni. Baada ya siku chache mtoto akaacha kulia, akaacha na kunyonya. Subira naye alishikwa na homa. Asani alitoka mbio kumwita Léocadie, mkunga.

Léocadie aligusa miguu ya mtoto, kisha akawatoa wageni wote nje.

“Papa Asani, mutoto huyu baridi inamuua. Toa shati.”

Asani alivua shati. Mkunga alimvika mtoto kofia, akamlaza uchi kwenye kifua cha baba yake, akawafunga pamoja kwa kikwembe cha Subira.

“Kwa inchi ya barafu kuna ndege, pengwini,” alisema. “Mama akisha kutaga, anaenda baharini kula. Baba ndiye anaweka yai juu ya miguu yake, analifunika na ngozi ya tumbo. Anaatamia yeye.”

Asani aliuliza kwa nini ndege mwenyewe hafi. Léocadie alimweleza kwamba ana mafuta mengi chini ya ngozi, na manyoya yaliyobanana hata upepo haupenyi. Baridi ikizidi, madume husongamana na kupeana joto. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta hayo. Kila akifunuliwa au kuogeshwa, joto lake linatoroka.

“Basi mimi ndiyo mafuta yake,” Asani alisema.

Wanaume wa mtaa walikuja kumcheka. Aliwasimulia habari za pengwini kwa furaha mpaka wakaomba kusimuliwa tena. Jioni alihisi kitu kikimtekenya. Mtoto, miguu imepata moto, alikuwa akitafuta ziwa kwenye kifua cha baba!

“Subira, anataka kula!”

Subira, homa ikiwa imempungua, alimpokea, ngozi kwa ngozi. Mtoto alinyonya hadi jasho likamtoka puani. Asani alilia waziwazi, wala hakuona haya. Walipokezana hivyo, baba na mama, mpaka mashavu ya mtoto yakajaa.