Majina Kumi ya Dosye

Tulipotoka shuleni saa sita na nusu, wenzangu walikimbilia ziwani kuogelea. Mimi nilipitia atelye ya mama, karakana yake ya ushonaji. Nilifagia vipande vya nyuzi, nikazitia mafuta mashini tatu za kushonea, kisha nikafungua daftari. Mama yangu, Odile, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wanne walioshona yunifomu hapa Kalemie. Mimi Evodie nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwandiko wangu ulishinda wa watu wazima wote pale. Sijisifu, nasema yaliyokuwa.

Ilikuwa mwaka 2017. Vita kati ya Waluba na Watwa ilikuwa imeujaza mji watu waliokimbia vijiji vyao, nasi tulishazoea kumtazama kila mgeni mara mbili. Mashini zetu zilikuwa za kuazima, na mwenyewe alizitaka mwisho wa mwezi. Ndipo tukasikia redioni kwamba shirika moja litatoa zawadi ya mashini sita kwa kikundi kinachopokea watu wa kila aina bila kubagua. Tukizikosa, atelye ingefungwa.

Papa Idriss, sekretere wa kikundi, alinisomea maneno ya dosye, yaani maombi yetu ya zawadi, mimi nikaandika.

"Kikundi chetu kinapokea watu wote bila ubaguzi," alisema. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. "Hapa weka majina ya wamama kumi wa Kitwa. Wa kwanza Constance."

Kalamu yangu ilisita. Mtwa niliyemfahamu pale alikuwa huyo Mama Constance tu. Naye alikaa nje, karibu na mlango, akishona vifungo kwa mkono, kwa sababu wengine hawakutaka kukalia naye mkeka mmoja wala kunywea kikombe kimoja.

"Papa Idriss, hawa tisa wanashona saa ngapi? Mbona siwaoni?"

"Mutoto, wewe andika. Wanakuja."

Alijibu haraka mno. Sikumwamini hata kidogo. Nikajiambia kwamba huyu baba anatuficha jambo, na lazima nilijue. Kesho yake nikanakili majina yale, nikavuka mto Lukuga mpaka kambi ya waliokimbia vita, walikoishi Watwa wengi.

Nilimkuta mama mmoja akitwanga mihogo. Nilipoanza tu kusoma majina, mchi wake ulisimama. Wanawake wengine wakatoka vibandani wakanizunguka.

"Nani amekutuma?" mama yule aliuliza.

"Hakuna. Ni kwa ajili ya zawadi."

"Zawadi. Na majina yetu umeyatoa wapi?"

Nilikuja kumshuku Papa Idriss, kumbe hapa mshukiwa nilikuwa mimi.

"Kijijini kwetu alikuja muntu na daftari," alisema taratibu. "Akaandika majina yetu nyumba kwa nyumba. Juma lililofuata nyumba zile zikachomwa. Sasa na wewe umekuja kutuandika."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimpa karatasi ile. Aliichana, akaitia kwenye moto wa jiko lake.

Niliporudi nilimweleza mama mbele ya wote. Papa Idriss alikana, kisha akakubali. Aliwahi kusaidia kugawa sabuni kambini, na majina yale tisa aliyatoa kwenye orodha ya waliogawiwa.

"Vikundi vyote njo vile vinafanya," alijitetea. "Tukiandika Mtwa mmoja watatucheka."

Sauti ya Mama Constance ikatoka mlangoni. "Na mimi nimeandikwa?"

"Wewe ni wa kwanza kabisa, mama," nilimjibu.

"Basi waandikie pia mahali ninapokaa."

Mama alizipapasa mashini za kuazima, nami nilijua anaziwaza zile sita za zawadi. Mwishowe akasema, "Evodie, chukua karatasi mpya. Constance, ingia ndani useme mwenyewe."

"Nikisha kuondoka mutabadilisha," alisema Mama Constance.

"Mutoto atakusomea mpaka uridhike."

Nilimsomea mara tatu. Tuliandika kwamba sisi ni kumi na wanne na Mtwa ni mmoja. Kwamba kwa miezi minane ameshonea nje. Kwamba anataka kujifunza mashini na kupiga kura mikutanoni kama wengine. Mama akaongeza siku ambayo mafunzo yangeanza. Papa Idriss alinung'unika kwamba tunajizika wenyewe. Mama Constance alipohamia ndani, wawili walinuna na mmoja akaacha kuja. Hilo nalo tuliliandika, kisha tukapeleka dosye.

Baada ya majuma mawili, Mama Mouna wa komite ya zawadi alifika bila taarifa. Hakumuuliza mama yangu chochote. Alimwita Mama Constance pembeni, wakazungumza hadi chai ikapoa. Mimi nilichungulia dirishani roho ikiwa juu, nikihofia kwamba tumekwisha.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, mashini sita zilishushwa mlangoni kwetu. Mama Mouna alikuja nazo.

"Karibu dosye zote zilisema 'watu wote'," alituambia. "Nikiuliza watu hao wako wapi, wenyeji wanaanza kutafutana. Kwenu nilimkuta mwenye jina, na aliyoniambia ndiyo mliyoyaandika."

Papa Idriss alikohoa, akatazama miguu yake.

Mama Constance alikwenda kambini kuwaita wenzake wajiunge. Alirudi peke yake. "Wamekataa," alisema. "Wanasema watakuja mwaka ukipita, wakiona bado niko ndani."

Niliudhika. Nilimwambia mama kwamba watu hawa hawaaminiki, tumewafanyia mema na bado wanatushuku.

"Mema gani, mwanangu?" mama aliniuliza. "Tulichukua majina yao bila kuwaomba, tukataka kujipatia zawadi kwa majina hayo. Wana haki ya kutushuku. Jina la mtu ni mali yake, na ukiliandika bila ruhusa umemwibia. Mwaka mmoja si mwingi. Tushone, na wao watuangalie."