Rimoti Tupu

Kila siku Shamsia akitoka shule alikuwa na kazi zake. Alifua sare, aliosha vyombo, na kumwagilia mchicha uliopandwa nyuma ya nyumba yao Kihonda, mjini Morogoro. Kazi aliyoichukia kuliko zote ilikuwa kumwaga maji ya vyombo, kwa sababu ilibidi aende mpaka kwenye mfereji mkubwa uliopita nyuma ya maduka. Maji ya mfereji ule yalikuwa meusi, yenye povu la kijivu. Matumbo ya kuku yalielea juu yake, na nzi wa kijani walitua kila mahali. Shamsia alibana pua, akamwaga, akakimbia.

Akimaliza, alivuka uchochoro kwenda kwa Alois, jirani yao, aliyesoma naye darasa la sita. Hapo ndipo siku yake ilipoanza hasa. Katika banda la jiko la nje, Shamsia na Alois walikuwa wakiunda gari la rimoti.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, na maduka ambayo zamani yaliuza chumvi na viberiti tu yakaanza kujaa vitu. Mzee Rizwan, mwenye duka la vifaa vya umeme, alileta marobota ya vitu vilivyotumika: redio, pasi, feni, na magunia ya magari ya kuchezea, mengi yakiwa yamevunjika. Watoto waliomsaidia kufagia duka aliwaruhusu wachague mabaki.

Kutoka kwenye mabaki hayo, Shamsia na Alois walipata mota, rimoti, na kile kidude kinachopokea mawimbi ya rimoti ndani ya gari. Vingine walivitengeneza wenyewe. Fremu waliikata kwenye debe. Bodi ilikuwa galoni la njano la mafuta ya kupikia. Magurudumu waliyavisha vipande vya kandambili, wakavichanja mistari ili vishike udongo.

Mwanzoni gari lilikuwa kituko. Likikuta kijiwe tu, lilirushwa juu na kuanguka chali.

"Springi ni ngumu mno," Shamsia alisema. Akatoa zile za mwanzo na kuweka springi laini za kalamu za kubonyeza. Kisha akazishusha betri chini kabisa ya fremu ili gari lisipinduke. Alois naye aliunga waya wa antena uliokuwa umekatika. Walipolijaribu tena, gari liliruka tuta, likatua kwa magurudumu yote na kuendelea. Wakaliita Panzi.

Siku moja Stambuli, mvulana wa mtaa wa pili aliyekuwa akiishi na bibi yake, alikuja na gari lake jekundu alilolitengeneza peke yake. Alois alipobonyeza rimoti kumpeleka Panzi kulia, gari la Stambuli nalo likakata kulia. Wote watatu walicheka.

"Rimoti zetu zina mawimbi yale yale," alisema Stambuli. "Tukiendesha pamoja, kila mtu ataliendesha la mwenzake."

Habari hizo Mzee Rizwan alikuwa akizijua. Kwa hiyo alipotangaza mashindano ya Jumamosi kwenye kiwanja nyuma ya duka lake, aliweka masharti mawili. Kila gari litakimbia peke yake, naye atapima muda kwa saa. Na gari moja likikimbia, rimoti zote nyingine zitakaa mezani mbele yake. Zawadi ilikuwa ndani ya kabati la kioo dukani: mota mpya kabisa na betri za kuchaji pamoja na chaja yake. Shamsia alikuwa akiitazama kila alipopita.

Jumamosi ilipofika, manyunyu yalikuwa yakishuka kutoka Milima ya Uluguru, na watoto walijaa kiwanjani. Njia ilipita juu ya matuta, kati ya mawe, kisha ikazunguka kona ya mwisho iliyopakana na mfereji. Shamsia ndiye aliyemwendesha Panzi. Alipunguza mwendo kabla ya kila tuta na kuongeza baada yake, na Panzi akafika mwisho bila kuanguka. Watu wakapiga makofi.

"Nipe rimoti niiweke mezani," alisema Alois, aliyekuwa amevaa koti kubwa la mvua la baba yake. Shamsia akampa.

Magari mengine yalipinduka au kukwama. Mwishoni akaja Stambuli. Gari lake jekundu lilikuwa na kasi kuliko yote. Lilipita matuta kana kwamba yamesawazishwa, na hata Shamsia aliona wazi kwamba Panzi ameshindwa. Ndipo, pale kwenye kona ya mwisho, gari likakata ghafla upande wa kushoto. Stambuli alibonyeza na kubonyeza. Gari halikumtii. Liliruka ukingo na kutumbukia mferejini.

Watoto wakaangua kicheko. Stambuli hakusubiri. Aliruka peku peku ndani ya maji yale meusi, yakamfika magotini, akaanza kupapasa chini kwa mikono. Alipotoka, miguu yake ilikuwa imepakwa tope zito linalonuka, utumbo wa kuku umening'inia kwenye kifundo, na damu ilikuwa ikitoka kwenye unyayo. Kipande cha chupa kilikuwa kimemchana. Gari lake lilichuruzika uchafu. Aliondoka akichechemea bila kumtazama mtu, na watoto wakampisha huku wamebana pua.



Mzee Rizwan aliwakabidhi yeye na Alois zawadi. "Hongereni. Chukueni na rimoti yenu," alisema.

Shamsia aliichukua rimoti mezani. Ilikuwa nyepesi mno. Akaigeuza. Haikuwa na betri wala waya hata mmoja. Ndani kulikuwa na utando wa buibui tu. Lilikuwa ganda la rimoti nyingine iliyovunjika. Akamtazama Alois, naye akalifunua koti kidogo. Antena ya rimoti yao halisi ilichungulia.

"Alois! Umefanya nini?" alinong'ona.

"Shii! Nimelikatisha kona kidogo tu. Tumeshinda."

"Lakini ameingia kwenye mfereji!"

"Kwani mimi nilimwambia aingie? Nilitaka lizunguke tu, lipoteze muda." Alois alitabasamu na kumwekea mkono begani.

Shamsia aliutoa mkono ule upesi, kama mtu aliyeguswa na konokono. Alitaka kusema. Lakini Mzee Rizwan alikuwa akicheka kwa furaha, watu walikuwa wakiwashangilia, na zile betri zilikuwa mikononi mwake. Akanyamaza.

Nyumbani alinawa kwa sabuni, akanawa tena, na bado aliona kama harufu ya mfereji imemganda. Chakula hakikupita. Mama yake, aliyekuwa nesi katika zahanati moja ya mjini, alimgusa paji la uso akidhani ni malaria. "Huna homa," alisema. "Una nini?"

"Sina kitu, Mama."

Betri alizisukuma chini ya kitanda, mbali kabisa ukutani. Hakuzitumia. Alois alipomwita wakafunge mota mpya kwenye Panzi, alimjibu kwamba ana kazi nyingi. Hata kumtazama Alois akila muwa kulimchukiza.

Siku chache baadaye, mchana, bibi mmoja alibisha hodi. Alikuwa Bibi Mwaisha, bibi yake Stambuli. Stambuli mwenyewe alikuwa ameegemea fimbo, mguu umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bibi," Mama alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie nesi. Mguu wa huyu mtoto haunipendezi."

Mama alimkalisha Stambuli kwenye benchi la barazani. "Shamsia, lete beseni, maji ya moto yaliyopoa na chumvi. Kisha unishikie beseni hilo."

Kitambaa kilipofunguliwa, harufu mbaya ilijaa barazani. Unyayo ulikuwa umevimba na kung'aa, na usaha wa manjano ulitoka kwenye jeraha. Shamsia alikunja uso na kugeukia pembeni. Mama hakukunja uso hata kidogo. Alisafisha taratibu, akiongea na Stambuli kwa sauti ya chini.

"Uchafu umeingia ndani. Nikimaliza hapa tunakwenda zahanati, upate dawa na sindano ya pepopunda. Ulifanya nini mpaka ukakanyaga chupa mferejini?"

"Gari langu lilitumbukia," alisema Stambuli. "Ni makosa yangu. Nadhani sikukaza skrubu za usukani. Nimelifungua lote kutafuta kosa, sijaliona. Nimelitupa jalalani. Mimi kuunda vitu siwezi."

"Halali vizuri kwa ajili ya hilo gari," Bibi Mwaisha aliongeza. "Anajilaumu tu."

Shamsia alikuwa bado amelishika beseni. Usaha ulikuwa mbele ya macho yake, lakini sasa hakuuona tena. Alichokiona ni yeye mwenyewe, amesimama kiwanjani na betri mikononi, kimya. Alijichukia mpaka machozi yakamtoka.

"Hukukosea," alisema. "Skrubu zako zilikuwa nzima. Alois aliligeuza gari lako kwa rimoti yetu. Iliyokuwa mezani ilikuwa tupu. Na mimi nilijua."

Stambuli alimtazama kama hakumwelewa, kisha akauinamisha uso.

"Ulijua tangu lini?" Mama aliuliza.

"Tangu siku ile ile, nilipoinua ile rimoti."

"Na zawadi iko wapi?"

"Mota anayo Alois. Betri na chaja ziko chini ya kitanda changu."

Mama, ambaye hakuukunja uso mbele ya usaha, sasa aliukunja. Shamsia alitamani ardhi immeze. Mama alimaliza kufunga bendeji, akamfuta Stambuli jasho la usoni, ndipo akasema, "Nampeleka huyu zahanati kwanza. Nikirudi, nikukute umezitoa hizo betri."

Jioni ile Shamsia na mama yake walikwenda kwa Alois. Mwanzoni alikana. "Huyu kaota, Mama Shamsia," alisema. Shamsia akaliweka lile ganda la rimoti mbele yake. Alois akalitazama, akamtazama Mama Shamsia, akaingia ndani na kutoka na mota.

Wakaenda wote dukani, na Mzee Rizwan aliwasikiliza akiwa nyuma ya kaunta yake. Alipokea mota, akapokea betri na chaja, akavirudisha kabatini, na kufunga kioo kwa ufunguo.

"Nilizitazama zile rimoti mezani, sikuzishika," alisema taratibu. "Nilidhani kwenu neno la mtu linatosha. Mashindano yatarudiwa Stambuli akipona. Nyinyi wawili hamtashiriki. Na lile gari mtalitoa huko lilikotupwa mlisafishe, mpaka nilinuse mwenyewe."

Kesho yake waliliokota gari jekundu jalalani, chini ya maganda ya ndizi yaliyooza. Tope la mfereji lilikuwa limekauka kwenye gia, na ndani ya magurudumu funza walikuwa wakijinyonganyonga. Mama aliwapa sabuni, brashi ya zamani, na mifuko ya nailoni ya kuvaa mikononi. Maji ya kwanza yalipolilowesha tope, harufu ilifufuka. Alois alikimbilia nyuma ya migomba akatapika.

"Inanuka mno!" alisema aliporudi, macho yamelowa.

"Stambuli aliingia ndani yake mpaka magotini," Shamsia alimjibu, "na sisi tukachukua zawadi."

Alois alishika brashi akazisugua gia moja baada ya nyingine na kuzirudisha ndani. Alipomaliza aliliweka gari juani, akasema, "Mimi nitampelekea."

Walimkuta Stambuli barazani, mguu juu ya kigoda. Alois alisimama mbele yake akipapasa kingo za shati.

"Mimi ndiye niliyeligeuza gari lako," alisema. "Lilikuwa linatushinda. Nisamehe."

Stambuli alilipokea gari. Aliligeuza, akazungusha gurudumu kwa kidole, akalinusa. Shamsia akadhani atawafukuza.

"Hii gia umeirudisha kinyume," hatimaye alisema. "Nipe bisibisi."

Siku ya marudio, Mzee Rizwan alizishika rimoti zote moja moja kabla ya kuziweka mezani. Stambuli aliendesha akiwa ameketi kwenye stuli, bendeji ndogo bado iko mguuni. Gari jekundu lilipofika kona ya mwisho, Shamsia alibana pumzi. Likaizunguka kona bila kuyumba, likavuka mstari, na hakuna gari lililolifikia kwa muda. Alois alipiga makofi kwanza, polepole, akiangalia chini.

Wakati wa kurudi nyumbani, Shamsia alitembea karibu na mama yake.

"Mama, si nimeshasema ukweli? Mbona bado najichukia?"

"Kwa sababu ulichelewa," Mama alisema. "Alois alidanganya mara moja. Wewe ulidanganya kila siku uliyonyamaza, na kila siku hiyo mtoto wa watu alikaa akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Ungesema pale pale mezani, angeoshwa mguu siku ile ile, na asingefikiri kwamba hajui kuunda gari. Moyo wako ulikataa tangu mwanzo, mwanangu. Ulikwambia jambo hili ni chafu. Safari nyingine ukikwambia hivyo, usingoje makofi yaishe. Sema."

"Nitasema, Mama."

"Haya. Sasa kamwite Stambuli kabla hajafika mbali. Bendeji yake inataka kubadilishwa, na leo wewe ndiye utakayeifunga."